Ng'ombe ya Mahari na Bulu ya Choo

Mucheke tu, minye nimeshazoea, hapa Uvira hata wamama wa soko wananiita Mama Bulu na ninaitika. Lakini siku ile, mbele ya wakwe, nilitamani ardhi ipasuke inimeze (na kweli ilipasuka, ila ilimeza mwingine).

Ilianza na choo yetu. Ukimwaga maji haiendi, inazunguka kidogo, inafanya glu glu glu kama muntu mwenye anataka kusema kitu, halafu inarudi. Bwana yangu, Papa Neema, akasema tuite watu wavute fosi, lile shimo la uchafu wa choo, basi. Wakavuta. Baada ya muda kidogo ikajaa tena. Minye nikaanza kuwaza (ndivyo nilivyoumbwa, hata redio ikifunguliwa lazima nichungulie ndani): maji hii inatoka mu fosi, inaingia mu zile tiyo, mabomba ya matobo, zenye tulifukia na changarawe nyuma ya nyumba ili udongo uinywe, sasa kama udongo umekataa kunywa, maji inaenda wapi?

Nikachukua fimbo ya chuma nikawa nachoma-choma parsele nzima, kiwanja chote. Upande wa barabara, kukavu. Upande wa ziwa, laini, na majani ya pale ilikuwa mizuri ajabu, mibichi, wakati kwa majirani yote imekauka. Nikamwaga bulu ya kufulia nguo mu choo, pakiti nzima, nikasema itakapotokea rangi ndipo maji yetu iko. Kila nikipata nafasi nainama mu majani natafuta bulu. Hakuna. Papa Neema akanikuta nimepiga magoti.

"Weye mama, unasali ao umepoteza kitu?"

"Natafuta maji yetu."

Akaondoka anatikisa kichwa.

Katikati ya hayo, siku ya mahari ya Neema ikafika. Neema ni mtoto wetu wa kwanza, na yeye na Bahati wake wa Luvungi walikuwa wamengojana mpaka tukawahurumia. Kikwazo kilikuwa baba mukubwa wa Bahati, mzee mwenye neno la mwisho mu familia yao, ambaye hakutaka hata kusikia habari ya binti wa mjini. Alikuwa anatafuta sababu tu ya kuvunja. Asubuhi Neema alinishika mikono yote: "Mama, tafazali, leo tu usichunguze kitu." Nikamuapia.

Wakaja na ng'ombe mu kamiyo, lori la mizigo. Kwetu ng'ombe inangoja kwanza, wasemaji wa pande mbili wasemeee mpaka wachoke, ndipo kamba inatoka mkono wa wakwe inaingia mkono wa kwetu, na kamba ikishapokelewa maneno imekwisha. Mama wa binti anakaa ndani, maana yeye na mukwe wake hawakaribiane, kugusana ndiyo kabisa. Na kweli nilikuwa ndani. Ila nilichungulia dirishani (kuchungulia si kuchunguza!) nikaona ng'ombe imesimama mu jua kali, na minye nina majani yote yale nyuma ya nyumba. Roho ikaniuma. Nikatokea mlango wa nyuma, nikamwambia muntu mwenye alikuwa anaishika, "Lete, ikule kidogo," nikapokea kamba.

Ikakula vizuri. Huko mbele wageni walikuwa wengi, wanakunywa, wanaingia choo, wanamwaga maji, wanatoka. Ng'ombe ikasogea kidogo, nikasikia pwaa! Miguu ya nyuma ikazama mpaka tumbo, ikalia mpaka wasemaji wakanyamaza. Wote wakaja mbio, baba mukubwa mbele, Neema nyuma yake. Na harufu, jamani! Lakini minye harufu sikuisikia, sababu pembeni ya ile miguu kulikuwa kunapanda maji ya bulu, bulu kabisa, na mdomo ukaniponyoka:

"Iko bulu! Papa Neema, kuja uone, iko bulu!"

Nilikuwa naruka-ruka. Halafu nikaona uso wa Neema, na furaha yote ikaniisha.

Baba mukubwa aliziba pua. "Mavi inatembea chini ya miguu yao, na mama anacheza. Mupakie ng'ombe yetu, twende."

Neema akaanza kulia bila sauti. Minye sikujua nifanye nini, nikaingia mu tope na kitenge changu kipya nikaanza kusukuma ng'ombe, kamba nimeizungusha mkononi. Muntu akaruka pembeni yangu, bega kwa bega, shati nyeupe. Bahati! Mukwe wangu! Wageni wakapiga "Yoooo!" kushinda ng'ombe yenyewe. Tukasukuma, tukasukuma, ikatoka, ikasimama inatetemeka, matako ya bulu.

"Mupakie," mzee akarudia.

Bahati akajifuta kidevu. "Baba, kamba iko mu mkono ya mama. Nani alimupa?"

Yule muntu wao mwenye alikuwa anashika ng'ombe akajibu pole pole, "Ni minye. Aliomba."

Mzee akaangalia kamba, akaangalia wasemaji wake, nao wakaangalia chini, maana kamba yenye imepokelewa imepokelewa, hata kama ni nyuma ya nyumba, na mwanamke mwenye kunuka.

"Basi," akasema. "Binti ni wetu. Lakini choo tutaomba kwa jirani."

Kisha tulichimba pale, na maji ikapanda yenyewe bila muntu kumwaga kitu. Kumbe tangu ziwa lipande, udongo wa upande ule umeshashiba, hauna tena nafasi ya maji yetu. Tukahamisha tiyo upande wa barabara na sasa choo inapita.

Nimeapa sitashika tena kamba ya watu kabla maneno haijaisha, na mbele ya wakwe sitafurahia kitu chochote chenye rangi. Kuacha kuchunguza sikuapa. Na juzi Neema amenipigia simu toka Luvungi, anacheka mpaka hawezi kusema: choo ya kwa baba mukubwa imeanza glu glu, na mzee anauliza pole pole, watu wasisikie, ile bulu inauzwa wapi.