Sheria ya Chungu Kimoja

Silvanus alikuwa mwashi, tena mwashi mzuri, lakini ukitaka kumuudhi usifie ukuta wake na usiseme neno juu ya mpira wake. Alitoka kwao Mahenge akaja Marui kujenga shule, wakati kijiji cha ujamaa kilikuwa bado ni vigingi na kamba. Shule ilipokwisha hakuondoka. Kijiji kilikuwa na timu iliyoitwa Jembe, timu ilikuwa haina beki wa kati, na Silvanus alifundishwa mpira na mabradha wa misheni tangu hajaota ndevu. Haukupita muda akawa nahodha. Wenzake wote walikuwa Waislamu, wenyeji wa palepale tangu enzi za mababu. Yeye peke yake ndiye aliyepiga ishara ya msalaba kabla ya kuingia uwanjani, na hakuna aliyemkera kwa hilo. Walimtania tu kwamba anafukuza mbu.

Sasa bwana huyu alikuwa na wimbo mmoja, nao ni nidhamu. Bradha aliyemfundisha alikuwa akihubiri kwamba mkimbiaji hujinyima mengi apate taji linaloharibika, sembuse Mkristo anayetafuta taji lisiloharibika. Silvanus aliyameza maneno yale mazima. Kwake yeye, mchezaji aliyechelewa mazoezi na muumini aliyechelewa misa walikuwa wagonjwa wa ugonjwa mmoja.

Ndipo akatunga sheria. Ilikuwa baada ya mechi moja ambayo wachezaji wawili walikamatwa na tumbo katikati ya kipindi cha pili, watu wakasema wamerogwa. Silvanus alikasirika. Akasema hawakurogwa, walikula hovyo, kila mtu kwake. Tangu siku ile mechi kubwa ikikaribia, Jembe wote wangekula chungu kimoja nyumbani kwa Bi Sikudhani, mama yake golikipa Hemedi, ambaye uwanja ulikuwa karibu na mlango wake. Wakila, wanakula pamoja. Wakikaa na njaa, wanakaa pamoja. Atakayetia kitu kinywani pembeni hachezi, hata akiwa nahodha. Hayo maneno ya mwisho aliyaongeza mwenyewe, hakuna aliyemwomba.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mwaka wa themanini na moja Jembe wakafika fainali, ikapangwa Sabasaba kule Mlandizi, upande wa Kibaha, na mwezi wa Ramadhani ukaandama Sabasaba ikiwa imekaribia kabisa.

"Nahodha, wewe kula zako," Hemedi alimwambia. "Hii ibada ni yetu, si yako."

"Sheria ni sheria," Silvanus akajibu. "Nyinyi mkiwa na njaa, na mimi nina njaa."

Akafunga. Ijumaa alijenga juu ya jukwaa na jua la utosini, midomo imekauka, na jioni akafuturu mihogo ya nazi kwa Bi Sikudhani pamoja na wenzake. Jumamosi vilevile. Silvanus hakumwambia mkewe, Stellamaris, kitu. Alijisemea ni siku chache tu, zitapita, ya nini kumpa mwanamke wasiwasi? Akadanganya kwamba mchana anakula kazini. Na katikati ya njaa ile akaona jambo la ajabu: alikuwa anasali vizuri kuliko kawaida yake. Hakujua sala ile anaisali kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya kombe. Alijaribu kuyatenganisha akashindwa.

Jumapili ikafika. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, na Wakatoliki wa Marui, ambao ungeweza kuwakalisha wote kwenye benchi sita, walikuwa wanampata padre mara moja tu kwa mwezi. Padre Laurean alikuja na pikipiki yake, vumbi tupu, akasoma misa katika kanisa la makuti la kigango. Stellamaris ndiye aliyeongoza nyimbo. Wakati wa komunyo Silvanus aliinuka kama kawaida, akashika mstari, mikono kifuani. Alikuwa amebakiza watu wawili mbele yake wazo lilipomkamata shingoni.

Hii hostia ni chakula au si chakula?

Akisema si chakula, basi katekista alimfundisha nini utotoni, kama si kwamba hiki ndicho chakula cha uzima? Na akisema ni chakula, basi anakwenda kula pembeni, asubuhi kweupe, Hemedi na wenzake wana njaa. Alisimama hapo kama aliyesahau jina lake. Mtu wa mbele yake akapokea akageuka. Padre akainua hostia akamtazama. Silvanus akatoka kwenye mstari, akarudi kukaa kwenye benchi.

Wewe uliyekulia kwenye kigango unajua maana yake. Kwenye mji mkubwa mtu asiyekomunika hakuna anayemwona. Pale Marui kila jicho lilimwona, na kila kichwa kikapata jibu lilelile: mwenye ndoa asiyepokea ana dhambi, na dhambi yenyewe inavaa kanga. Stellamaris aliendelea kuimba, lakini sauti ilishuka.

Walipofika nyumbani mkewe hakungoja avue viatu. "Nani?" akauliza.

"Nani nini?"

"Baba Didas, usinizungushe. Kila jioni unakwenda kwa Bi Sikudhani, hurudi mpaka giza. Mwanamvua karudi kwao, kaachika, bado kijana. Mimi si mtoto."

Didas ni mtoto wao wa kwanza, na Mwanamvua ni dada yake Hemedi, ambaye Silvanus, naapa, hajawahi kumtazama usoni. Basi akaona heri aseme kweli yote. Akaeleza sheria, akaeleza funga, akaeleza hostia. Aliyaeleza kwa utaratibu, akidhani akimaliza mkewe atacheka.

Stellamaris hakucheka. Alikaa chini kwenye kigoda.

"Yaani umemwacha Yesu mkononi mwa padre kwa ajili ya mpira."

"Si kwa ajili ya mpira. Ni nidhamu."

"Afadhali ungekuwa na mwanamke," akasema, machozi yanamtoka. "Mwanamke ningemjua jina, ningekwenda kumtukana, yakaisha. Mpira nitautukanaje?" Akafuta uso. "Sabasaba ikipita, nachukua watoto nakwenda kwetu Mahenge. Ukishaamua wewe ni nani, utatufuata."

Alitoa kanga akaanza kufunga nguo. Silvanus alikaa nje kutwa na furushi lile linaonekana mlangoni. Alimpenda mkewe kuliko kitu chochote duniani. Angesema nimekosa, lakini amekosa wapi? Kushika neno lako ni kosa? Aliyeshika neno lake kwa watu kumi si ndiye atakayelishika kwa Mungu? Hivyo ndivyo bradha alivyofundisha. Njia mbili zilimshinda fisi, na Silvanus alikuwa hajui hata ni ipi aliyosimama.

Siku ya Sabasaba walipanda lori la ushirika alfajiri. Walipofika Pugu, Mzee Matano, mwalimu wa timu, mkulima wa mihogo asiyependa maneno mengi, akalisimamisha. Akateremsha kapu la mihogo ya kuchemsha na dumu la maji.

"Leo sisi wasafiri," akasema. "Nimemuuliza maalimu, kasema msafiri ana ruhusa, siku yake atailipa baadaye. Timu inakula."

Wakala wote. Hemedi alisita kidogo, kisha naye akala. Mzee Matano akamletea Silvanus kipande.

"Shikamoo, Mzee," Silvanus akasema, wala hakunyoosha mkono. "Nisamehe. Siwezi."

"Marahaba. Huwezi nini? Mwenye dini yake kala, wewe uliyeazima ndiyo unakataa?"

"Juzi nimeukataa mwili wa Bwana wangu kwa sababu ya funga hii. Leo niivunje kwa muhogo? Nitamtazamaje?"

Mzee Matano alikitazama kile kipande cha muhogo muda mrefu, kama vile kilikuwa na maandishi.

"Mimi hayo ya Bwana wako siyajui vizuri," akasema. "Yangu ni ya timu. Wakila, wanakula pamoja. Maneno hayo ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi huchezi, nahodha. Kondo atasimama nafasi yako."

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Silvanus hakubisha, kwa sababu angebisha na nani? Alikaa pembeni ya uwanja wa Mlandizi ameshika mashati ya wenzake. Kwa ajili ya timu alijitoa kwenye meza ya Bwana, na kwa ajili ya meza ya Bwana akatolewa kwenye timu. Huko hayumo na huku hayumo. Babu mmoja wa Mlandizi aliyekaa jirani yake alimpa maji, akakataa, akasema amefunga. Babu akafurahi sana. Akasema vijana wa siku hizi wamelegea, tazama wenzako wanavyobugia maji, wewe peke yako umeishikilia swaumu yako, Mungu akulipe, hivi unaitwa nani mwanangu?

"Silvanus."

Babu akanyamaza mpaka mapumziko.

Jembe walishinda bao moja, la Husseini, kwa kichwa. Kondo alicheza vizuri, na hilo nalo likamuuma. Kombe lilirudi Marui juu ya lori likiimbiwa, na aliyelitafuta kuliko wote alikuwa amekaa nyuma kabisa, juu ya tairi la akiba.

Kesho yake asubuhi Stellamaris aliwavalisha watoto. Silvanus alijaribu kunywa uji ukamkwama. Mpira umekwisha, sheria imekwisha, hakuna aliyemtaka afunge, na bado uji haukupita. Akauacha, akaenda kazini bila kuaga, maana aliona akiaga ndiyo atakuwa ameruhusu.

Silvanus hakuwepo nyumbani Hemedi alipokuja. Hemedi alipiga hodi akakaribishwa na Stellamaris, uso umevimba kwa kulia.

"Shemeji, mumeo kakwambia alivyofanya Pugu?"

"Hajasema kitu. Nasikia mmeshinda."

"Tumeshinda bila yeye." Akamweleza muhogo, akamweleza Mzee Matano, akamweleza maneno neno kwa neno. "Mimi kwa kweli sikumwelewa," akasema. "Lakini jana nilikula nikaona haya, na mimi ndiye niliyepewa ruhusa."

Jioni ile Silvanus alikwenda kwa Bi Sikudhani kwa sababu aliogopa kurudi kwenye nyumba tupu. Walikuwa wamekaa mkekani wanangoja adhana, Stellamaris alipotokea na sufuria ya magimbi kichwani, watoto nyuma yake. Kanga iliyokuwa imefunga lile furushi ndiyo aliyoifanya kata. Alimwamkia Bi Sikudhani, akatua sufuria, akakaa upande wa wanawake karibu na Mwanamvua. Hakumtazama mumewe.

"Kama ni chungu kimoja," akasema, "na sisi tumo."

Silvanus alifunga mwezi mzima. Ukimuuliza kwa nini, alikuwa hana jibu, na mimi nikikupa moja nitakuwa nimelitunga. Mwezi ukaandama, Idi ikaangukia Jumapili, na Jumapili yenyewe ni ya padre. Kabla ya misa alipiga magoti akaungama yote.

"Miaka yote hii nasikia watu wanaungama kula," Padre Laurean akasema. "Wewe wa kwanza kuungama kutokula. Hata kitubio sijui nikupe kipi." Akampa Baba Yetu moja.

Huku nje ngoma za Idi zilikuwa zinasikika, na harufu ya pilau ya Bi Sikudhani ilikuwa imeingia kanisani bila kubisha hodi. Silvanus alishika mstari. Safari hii hakutoka. Padre akainua hostia. "Mwili wa Kristo," akasema.

"Amina," Silvanus akajibu, kisha mdomo ukagoma. Mwezi mzima ulikuwa umezoea kufungwa saa kama hizi, jua likiwa juu, nao haukujua kwamba mambo yamebadilika. Akasimama pale, machozi yanatoka, padre anangoja. Ndipo akasikia kidole mgongoni. Ni Stellamaris, aliyekuwa nyuma yake kwenye mstari.

"Kula, Baba Didas," akamnong'oneza. "Leo Idi."