Kokwa Kumi na Moja za Bibi

Harufu ya hiliki ikinifikia popote, hata katika lifti ya jengo ninaloishi hapa Jedda, mimi huiona sebule yetu ya zamani mtaani Al-Nuzha, hapahapa Jedda, baada ya sala ya alasiri: sinia la shaba juu ya mkeka, dele la kahawa lililotoboka kitako, na mkono wa Bibi, mama yake baba, ukiingia ndani ya dele hilo taratibu. Juma lililopita, katika harusi ya ukoo wetu mjini Riyadh, binamu yangu aliwasimulia wageni kwamba Bibi alimshinda Ami Nassor kwa bahati ya dadu. Nilifanya kazi ya masjala katika shule ya wasichana hadi nilipostaafu, na siwezi kuvumilia taarifa ya uongo ikae katika jalada. Hakukuwa na dadu. Nilikuwapo, nikiwa na umri wa miaka tisa, na mimi ndiye niliyeandika alama.

Ami Nassor, kaka mkubwa wa baba, alisimamia ghala huko Al-Sulay, Riyadh. Likizo ya mwaka huo alikuja kwetu na mambo mawili. La kwanza lilikuwa sanduku la mchezo wa mezani wa mpira wa Kimarekani, aliloachiwa na mhandisi mmoja aliyerejea kwao. La pili lilikuwa uamuzi: Bibi ahamie kwake, kwenye nyumba kubwa zaidi. Baba hakupinga, kwa kuwa kwetu mdogo hambishii kaka yake. Mimi nilikuwa nikilala chumba kimoja na Bibi tangu nilipoachishwa ziwa. Usiku ule nilishika ncha ya kanga yake hadi usingizi ukanichukua.

Ami alitufundisha mchezo huku akitafsiri kijitabu chake kwa sauti ya mkaguzi. Mwenye mpira ana majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Huchagua kadi kwa siri, kukimbia au kurusha. Mpinzani naye huchagua kadi ya kuzuia. Kisha dadu mbili hurushwa na jedwali husema kilichotokea. Bibi alizitazama dadu, akamwambia Ami: "Hizo zirudishe sandukuni, baba. Dadu ni haramu, nyumbani kwangu haziingii." Ndipo mama akaosha kokwa za tende akaziandika wino, kuanzia mbili hadi kumi na mbili, kwa sababu dadu mbili haziwezi kutoa moja. Zikawa kumi na moja. Zilitiwa ndani ya dele bovu, na kila iliyotolewa ililazwa kwenye sinia mpaka zote ziishe, ndipo zirudishwe pamoja. Hakuna aliyeona kwamba kanuni hiyo ilikuwa imeubadili mchezo mzima. Hakuna, nasema, isipokuwa mwanamke aliyekulia kwenye kuhesabu kete za bao kwa jicho.

Siku ya sita Bibi alisema, "Nassor, unataka kunichukua. Basi tucheze. Anayetangulia kufika alama ishirini, neno lake ndilo."

Ami alicheka. "Mama, mimi nimekisoma kitabu."

"Na mimi nimekusoma wewe tangu tumboni."

Ami alicheza kama kitabu kilivyoagiza, na ni haki kusema kwamba alicheza vizuri. Alifika kumi na saba, Bibi kumi na nne. Kisha Bibi akakwama katikati ya uwanja, jaribio la nne, akiwa bado anahitaji yadi tisa. Kitabu kilikuwa wazi: hapo mpira hupigwa mbali, mpinzani aanzie nyuma. Akijaribu na kukosa, Ami angepata mpira palepale, na teke moja la alama tatu lingemaliza kila kitu.

"Piga mbali, Mama," alisema Ami. "Mtu mwenye akili hapa hupiga mbali."

Bibi aliweka kadi ya mrusho mrefu. Katika jedwali, mrusho huo hufika mstari wa mwisho, penye alama sita, kwa kumi na moja au kumi na mbili tu, hata mpinzani azuie vipi. Namba nyingine zote ni hasara.

"Umechoka, Mama?"

"Sijachoka. Hesabu sinia, baba."

Ami aliinua macho kutoka kitabuni. Kokwa tisa zilikuwa zimelala wazi mbele yake, kuanzia mbili hadi kumi. Bibi akatia mkono, akatoa kumi na moja. Nikaandika ishirini. Mimi nikalipindua dele, na kumi na mbili ikanidondokea kiganjani, ikinukia hiliki. Ami akakifunga kijitabu. "Halas, yamekwisha," akasema, akambusu mama yake kichwani, na keshoye akarudi Riyadh peke yake. Bibi alilala chumbani kwangu mpaka alipofariki.

Nimetunza majalada maisha yangu yote, na bado sijaona mtu aliyeisoma kumbukumbu iliyo wazi kwa wote kama alivyoisoma yeye. Watoto wa leo huchezea simuni mpira huohuo, na namba huzaliwa mahali wasipopaona. Jana mjukuu wa Ami Nassor alikuja kuniuliza iwapo kisa cha harusini ni kweli. Nikamletea dele na kokwa. Alitoa moja, ilikuwa saba, akataka kuirudisha ndani. Nikamshika mkono.

"Iache kwenye sinia," nikamwambia, "uitazame."