Nakala Mbili Zilizokuwa Nje

Faili nilikuwa nimelisahihisha. Hilo nilikuwa na hakika nalo, maana nililifungua mara sita kulikagua. Kilichoninyima usingizi kwa siku mbili ni jambo jingine: je, kuna mtu yeyote aliyeyaona masahihisho hayo? Logi ya seva ilikuwa kimya, na sikujua kama kimya kile kilikuwa cha heri au cha shari.

Naanza hapo kwa sababu vijana wanaoniuliza siku hizi nilifanya kazi gani hutaka jibu fupi. Nawaambia nilitunza seva Sumbawanga, miaka ile soko lilipofunguliwa na kila duka likaanza kuuza kila kitu. Wanaona ilikuwa kazi ya kukaa. Ni kweli, nilikaa sana. Ila kazi hiyo niliielewa siku nilipolazimika kuinuka.

Niliripoti mwezi wa Juni, upepo wa Ufipa ukiwa umekaza, nikiwa nimetoka chuoni na cheti kipya na hofu ya zamani. Nilikuwa nimesoma habari za seva kwenye makaratasi tu. Njia nzima kutoka stendi nilikuwa nafanya mazoezi ya maelezo. Kituo chetu kilikuwa cha mradi wa habari za kilimo na mifugo, vyumba vitatu na mnara wa redio nyuma. Aliyenipokea alikuwa Fundi Mkuu, mama mmoja wa Tabora, mfupi, asiyependa maneno mengi. Alinipeleka kwenye meza iliyokuwa na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua pembeni. Katibu muhtasi alikuwa amekitandika kwa nia njema kabisa.

Fundi Mkuu alikiondoa, akakikunja. "Kila siku nawaambia hii si redio ya sebuleni. Inahitaji kupumua." Kisha akanigeukia. "Haya, binti wa chuo. Hii inafanya nini?"

Nikaanza. Nilikuwa bado kwenye utangulizi aliponyoosha mkono.

"Ngoja, ngoja. Mtu akiomba faili, inampa. Akiomba ambalo halipo, inamwambia halipo. Kazi yako ni kuhakikisha haidanganyi watu. Chai iko kule."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya siku ya kwanza.

Niwaeleze kidogo wale ambao hawakuziona kazi hizo. Tulikuwa na kompyuta moja Kasense, moja Mwimbi na moja Kirando kule ziwani, zote zikizungumza na seva yetu kwa redio ya data, isiyobeba sauti; na simu vituoni hazikuwapo. Karani wa kituo akitaka ukurasa, kompyuta yake ilituma ombi, mstari mmoja tu: nipe faili fulani lililo kwenye folda fulani. Seva ilitafuta ndani ya folda moja iliyoruhusiwa, na kilichokuwa nje ya folda hiyo haikukitoa hata ungekiombea kwa magoti. Ilijibu kwa namba. Mia mbili maana yake chukua, hili hapa. Mia nne na nne maana yake hakuna. Kila ombi na jibu lake viliandikwa kwenye logi, yaani daftari la seva: nani kaomba, saa ngapi, kaomba nini, kajibiwa nini. Niliisoma logi ile kila asubuhi kabla hata ya kusalimia watu vizuri.

Kurasa zenyewe tuliziandika kwa mkono, faili moja moja, na zilikaa vilevile mpaka mtu azibadilishe. Siku hizi ukurasa hutungwa papo hapo unapoombwa. Zetu zilikuwa kama mikate iliyokwisha kuokwa, seva ikawa inagawa tu. Karani akishaupata ukurasa alitoka nje na chaki, akaunakili kwenye ubao ukutani. Kwa hiyo wasomaji wetu wengi hawakuwahi kugusa kompyuta. Walisoma ubao.

Na walikuwa na sababu ya kuusoma. Zamani dawa ya kupe ilikuwa moja, inatoka serikalini, na bwana josho ndiye aliyejua kipimo. Soko lilipofunguliwa, maduka yakaleta dawa za kila rangi, kila moja na nguvu yake, na maandishi ya lugha ambazo hata mimi niliyesoma sikuzijua. Ukurasa wetu wa vipimo uliombwa kuliko ukurasa mwingine wowote, isipokuwa Kirando. Wale waliomba ukurasa wa dagaa, basi.

Baada ya miezi michache Fundi Mkuu alihamishwa, nikabaki na Mkuu wa Kituo, Mzee Anselmi, Mfipa wa Kasense aliyeanza kazi kama karani wa masjala na kupanda ngazi kwa ngazi. Kompyuta hakuzijua, na hakujifanya anazijua. Alinifunza adabu ya ofisi, kubisha mlango hata kama uko wazi, kuwasalimia wakulima kabla hawajanisalimia. Aliniita mwanangu, na alipotaka kunikosoa aliniita mtaalamu.

Kwa kuwa redio yetu ilikuwa ya polepole, ukurasa wenye picha ulichukua muda wa mtu kupika uji. Makarani walilalamika. Nami nilikuwa nimesoma dawa yake chuoni: niliiagiza seva iandike juu ya kila faili inalotoa kwamba lina uhai wa siku saba. Kompyuta ya kituoni ikiona maneno hayo hulihifadhi faili, na kwa siku saba haiulizi tena, humwonyesha karani nakala yake yenyewe. Kurasa zikaanza kufunguka kufumba na kufumbua. Mzee Anselmi alinisifu mbele ya Afisa Mifugo, na kwa wiki nzima nilitembea kama mtu mwenye viatu vipya.

Kosa lilikuja Jumatatu moja. Dawa mpya ilikuwa imeingia madukani, kali kuliko ile ya awali, na Afisa Mifugo aliniletea maelezo yake kwenye karatasi. Nilifanya kama tulivyofanya siku zote: nikanakili faili la dawa ya zamani, nikabadilisha jina, nikabadilisha picha, nikabadilisha kichwa. Mstari wa kipimo sikuugusa. Dawa ya zamani ilikuwa vifuniko vitano kwa bomba moja la kunyunyizia lililojaa maji. Hii mpya ilitakiwa kifuniko kimoja.

Niligundua Jumanne, nikiwa nasoma karatasi ya Afisa Mifugo kabla ya kuifungia kwenye jalada. Nikasahihisha dakika ileile. Sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba makarani wakifungua tena watapata lililo sahihi, na kosa la siku moja halina haja ya kutangazwa. Kisha nikakaa kuisoma logi, nione wanalichukua. Jumanne ikapita. Jumatano ikapita. Niliweza kufikiria sababu ishirini: labda umeme wa jua umekwisha Mwimbi, labda karani anaumwa, labda wameshaelewa wenyewe, labda hakuna aliyenunua dawa hiyo. Nilikuwa hodari sana wa labda.

Alhamisi asubuhi niliona jambo ambalo ningeliona mapema kama nisingekuwa natafuta faraja. Mwimbi hawakuwa wameomba hata ukurasa wa mbele. Bi Oliva, karani wa kule, aliufungua ukurasa ule kila siku ya Mungu kabla ya kufagia ofisi. Haiwezekani hakuufungua siku mbili. Aliufungua, ila kompyuta yake haikuniuliza. Ilikuwa inampa nakala ya Jumatatu, na ingeendelea kumpa mpaka Jumatatu nyingine, kwa agizo langu mwenyewe. Hata ningelipa faili jina jipya isingesaidia, kwa sababu ukurasa wa mbele unaoonyesha njia nao ulikuwa umehifadhiwa. Na Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kunyunyizia ng'ombe Mwimbi.

Nilibisha mlango wa Mzee Anselmi, uliokuwa wazi. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, pamoja na mambo ya siku saba, pamoja na zile siku mbili za kunyamaza. Hakupandisha sauti. Alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Nakala ngapi ziko nje?"

"Sijui kama zinahesabika, mzee. Ni kompyuta, siyo karatasi."

"Mtaalamu. Masjala tukikosea waraka, hatukukaa kungoja watu waje kuuliza. Tulifungua daftari, tukaangalia nani aliusaini, tukamfuata mpaka karatasi mbaya irudi mkononi. Wewe huna daftari?"

Nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelitazama siku mbili nikisubiri lijaze mistari mipya, wakati jibu lilikuwa kwenye mistari ya zamani. Nilirudi mezani, nikatafuta faili lile kwenye logi ya Jumatatu. Mia mbili, Mwimbi. Mia mbili, Kasense. Kirando hawakuliomba.

"Mbili," nilisema.

"Basi si nyingi." Alikuwa ameshavaa kofia. "Kasense ni nyumbani, nakwenda na baiskeli yangu. Wewe chukua gari, nenda Mwimbi."

Nimestaafu sasa. Baada ya pale nilitunza seva za hospitali, za chuo na za halmashauri, chini ya wakuu wa kila aina, wapole na wakali, na mmoja aliyedhani seva ikichelewa ni kwa sababu mimi nimechelewa. Kote nilikopita nilikwenda na swali la Mzee Anselmi. Nilijifunza kuupa ukurasa wa mbele uhai mfupi, na picha nikaziacha zikae siku nyingi. Nilijifunza pia jibu la mia tatu na nne, ambalo seva humwambia mwombaji: nakala uliyonayo ndiyo ileile, haijabadilika. Hapo kompyuta inauliza kila mara, lakini haibebi mzigo mpaka pawe na kipya. Vitabuni haya yote yamo. Mimi nilifundishwa na karani wa masjala, na ninamshukuru kwa kuwa hakunifukuza na hakunifariji.

Alhamisi ile, njia ya Mwimbi tulipita Matai, dereva Dismas akikwepa mashimo kwa mazoea, mimi nikihesabu ng'ombe wote ambao huenda wameshakufa. Nilimsimulia kisa kizima, maana nisingeweza kunyamaza.

"Dada, mbona rahisi," alisema. "Sema mashine imekosea. Nani atabisha? Hata mkuu wa mkoa habishani na mashine."

"Na mwezi ujao?"

"Mwezi ujao mashine imepona."

Nililifikiria jambo hilo mpaka tulipoanza kuyaona mabati ya Mwimbi. Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, sijathibitishwa kazini. Neno moja la mashine lingeniokoa. Lakini wafugaji wale wangeondoka wakijua kwamba ubao wa kituo husema uongo wenyewe tu, bila mtu nyuma yake, na wangerudi kupima dawa kwa kukisia dukani.

Bi Oliva alikuwa mlangoni, chaki mkononi. Ubaoni, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya masista, palikuwa na vifuniko vitano. Niliufuta mstari kwa kiganja kabla ya kumsalimia, nikaandika kifuniko kimoja.

"Mbona nimefungua leo asubuhi, imeandika vitano?" alisema. "Nimesoma mara mbili, nisije nikaua mifugo ya watu."

"Umesoma sawa, Bi Oliva. Aliyeandika ndiye aliyekosea. Wameshaanza?"

"Mzee Masanja ndiye wa kwanza. Wengine wanangoja bomba."

Tulikimbia hadi kwenye zizi la kunyunyizia. Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia na familia yake na mifugo, alikuwa ameshanyunyizia ng'ombe watatu. Mmoja alikuwa amesimama miguu imetanuka, mate yanamtoka, anatetemeka. Ng'ombe wale walipona wote, hilo niliseme mapema, msomaji asihangaike kama nilivyohangaika mimi. Saa ile sikulijua.

"Shikamoo, mzee. Tafadhali weka bomba chini. Kipimo si hicho."

"Marahaba. Kipimo cha ubao hiki." Alimtazama Bi Oliva, akanitazama mimi, akamtazama Dismas aliyekuwa ananiangalia kwa jicho la kunikumbusha. Wafugaji wengine walikuwa wamesogea. "Imekuwaje? Mashine imeharibika?"

"Mashine ni nzima," nilisema. "Mimi ndiye niliyeandika vifuniko vitano. Ni kimoja. Niligundua juzi nikakaa kimya. Aoshwe haraka, maji mengi na sabuni, na wale wawili pia."

Mzee mmoja nyuma alisema kwa sauti ya kusikika, "Ndiyo wasomi wetu hao." Watu wawili watatu wakacheka, si kwa furaha. Mzee Masanja hakucheka. Aliliweka bomba chini.

"Unaitwa nani?"

"Editha. Wa kituo cha Sumbawanga."

"Editha," alisema, akamshika ng'ombe pembe, "mto uko pale chini. Mimi namshikilia, wewe lete maji."

Nilivua viatu vya ofisi, nikakunja mikono ya sweta, nikachukua ndoo mbili.