Karai la Jumamosi

Jirani yangu alikuwa Mhindi wa Shinyanga. Nasema wa Shinyanga kwa sababu alizaliwa pale pale mjini, nyuma ya duka la baba yake, na Kisukuma alikijua kuliko mimi niliyeletwa na ndoa kutoka Tabora. Wauza dengu wakipiga hodi asubuhi aliwaitikia "mwangaluka", akawabana bei kwa lugha yao mpaka wakacheka na kushusha. Mimi walinitoza bei ya mgeni hadi wanangu walipoanza shule. Alikuwa na umri wa mama yangu, kwa hiyo nilimwamkia shikamoo na kumwita mama, naye aliniita mwanangu hata siku alizonikasirikia.

Kila Jumamosi alasiri alikaanga. Hakuwa akiuza, alikaanga kwa ajili ya mashoga zake. Wa kudumu tulikuwa mimi na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Mkatoliki wa Ushirombo, mpole kuliko inavyomfaa mwalimu. Wengine walikuwa wanawake wa Kihindi wa mtaa ule. Tuliketi mkekani uani, jiko la mkaa mbele yetu na karai juu yake. Viazi nilikata mimi, vyembamba mpaka ukikiinua kimoja unaona mwanga. Mwalimu alitwanga pilipili na kotmiri. Uji wa unga wa dengu jirani yangu aliukoroga mwenyewe kwa mkono, hakumwachia mtu, na kabla ya kutia kiazi cha kwanza alidondosha tone la uji kwenye mafuta. Likizama na kukaa chini, tungoje. Likipanda mara moja, tuanze. Tukimaliza bagia tulifuatia kachori, na za kwangu zilipasuka kila mara. Alizitoa kwa kijiko cha matundu, akazipanga pembeni mwa sinia, akawaambia wenzake kwamba hizi ni za Tabora, huko watu hawafungi milango.

Mume wake alifariki nikiwa sijakaa pale hata mwaka. Nilikwenda msibani na sinia la maandazi, kama tufanyavyo kwetu, ili wafiwa wasihangaike na jiko. Mama mmoja alinipokea kwa adabu, akaliweka sinia nje. Baadaye jirani yangu alinieleza kwamba kwao nyumba yenye msiba haiweki karai jikoni. Kukaanga ni kwa ajili ya furaha: harusi, sikukuu, mgeni, mtoto aliyezaliwa. Mtu akifa, karai linaoshwa na kuwekwa kando, na watu wanakula wali na vitu vya kuchemsha mpaka siku za matanga ziishe. Niliona haya nikamwomba radhi. Alisema radhi ya nini, watoto wa mtaani waliyala maandazi yote na hakuna aliyelalamika.

Akabaki na mtoto mmoja wa kiume, kijana wa malori. Msimu wa pamba alibeba pamba. Msimu ukiisha alipeleka chumvi, sabuni na vitenge kwenye masoko ya magharibi, Runzewe, Buseresere, huko kote. Alikuwa na mdomo mwingi na mikono miepesi. Alipita uani akachota bagia tatu kwa mpigo, mama yake akimfukuza na kijiko. Masika moja, katikati ya miaka ya sabini, aliondoka na shehena ya chumvi. Utingo wake alishikwa na malaria Ushirombo, akabaki misheni, yeye akaendelea peke yake. Lori lilikutwa limelala ubavu kwenye mto mbele ya Ushirombo, mlango wa dereva uko wazi, magunia ni matupu kwa kuwa maji yalikuwa yameshaiyeyusha chumvi yote. Yeye hakuonekana. Walimtafuta mpaka mto ulipopungua.

Wazee wa jamii yake walikuja kukaa naye, nami nilikuwepo. Walimwambia taratibu kwamba mto ule haurudishi mtu, kwamba roho ya kijana inangoja sala, akubali zifanyike. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha alitoka uani, akawasha mkaa, akateleka karai. Haikuwa hata Jumamosi. Wazee waliyasikia mafuta wakiwa bado barazani.

"Kata viazi," aliniambia. "Hapa hakuna aliyekufa."

Nilikata viazi.

Wanawake wa kwao hawakuja tena. Kwao, kula cha kukaanga katika nyumba ile kulikuwa sawa na kuchezea ngoma makaburini, na waliona anamnyima mwanawe haki ya marehemu. Sikuwalaumu. Tukabaki wawili, mimi na mwalimu, kwa sababu dini zetu hazikuwa na neno lolote juu ya karai. Kuanzia hapo kukaanga kwake hakukuwa tena kwa ajili yetu. Moto ukiwaka Jumamosi, mwanawe yu hai, usipowaka, amekufa. Hakulisema tena kwa kinywa, na mtaa mzima ulijua maana ya harufu ile.

Kisha uvumi ukaja kumsaidia, au kumwangamiza, sijui. Watu walikuwa wameanza kumiminika upande wa Bulyanhulu na Geita kutafuta dhahabu, wakishuka kwenye maduara, yale mashimo yanayochimbwa kwa sururu na mikono, na aliyerudi kutoka huko alirudi na vumbi na hadithi. Mmoja alisema yupo kijana wa Kihindi machimboni, amefuga ndevu, ananunua dhahabu. Mwingine alisema hanunui, anachimba. Wa tatu alimwona amepoteza kumbukumbu, hajui hata kwao. Nilitamani niwakamate niwasugue midomo kwa majivu. Kila aliyeleta habari alikaribishwa, akalishwa bagia za moto, na mtu anayelishwa bagia za moto hakosi la kuongeza.

Mimi si mtu wa kumeza maneno. Mume wangu alikuwa akisema ulimi wangu utatuhamisha mji. Lakini kila Jumamosi niliketi kwenye mkeka ule, nikala, nikasifu. Sikuamini hata siku moja. Kijana yule alimpenda mama yake. Asingekaa Bulyanhulu, mwendo wa siku moja kwa lori, bila kutuma hata salamu. Nilijua hivyo na bado nikatafuna. Kilichoniuma zaidi ni kwamba bagia zilikuwa tamu vilevile. Lori likipita barabarani mkono wake ulisimama juu ya karai, uji ukimdondoka vidoleni, mpaka mlio upotee. Ndipo alipoendelea, na sisi tukajifanya tulikuwa tunazungumza.

Jioni moja tukirudi makwetu nilimwambia mwalimu kwamba tunamlisha mwenzetu uongo. Yeye alikuwa akimwombea kijana yule kila asubuhi. Nikamuuliza kwa ukali kidogo anamwombea kama mzima au kama marehemu. Alinijibu tulipofika kwenye kona yake.

"Naomba zote mbili," alisema. "Na wewe, dada, tukiacha kwenda, nani atakaa naye?"

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mimi mwanangu alikuwa nyumbani akinisubiri nimpikie ugali.

Miaka ikaenda hivyo. Nilizaa mtoto mwingine, mwalimu akapewa darasa la saba, jirani yetu akakonda mpaka bangili zikawa zinamteleza akikoroga unga. Kisha vitu vikaadimika. Waliokuwepo wanakumbuka: sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali, khanga kwa kujuana. Dengu hatukukosa, zinalimwa hapo hapo kwetu. Kilichokatika ni mafuta. Mji umezungukwa na pamba kila upande, na mafuta ya pamba hayaonekani dukani. Mwanzoni tulichanga. Mimi nilipeleka kikombe, mwalimu akapeleka chupa ya samli aliyopewa na mzazi mmoja wa kijijini. Halafu ukame ukaingia, ng'ombe wakakosa maziwa, samli nayo ikaisha.

Akaanza kukaanga kidogo kidogo, kwenye mafuta ya kina cha kidole, akiyachuja kwa kitambaa na kuyarudia wiki baada ya wiki hadi yakawa meusi. Jumamosi moja alitoa bagia tatu, moja kwa kila mtu, na karai likakauka likitoa moshi. Tulikula. Alilitazama karai, akanitazama. Nilijua anachoogopa. Wazee wa kwao hawakumweza, mto haukumweza, na sasa ukosefu wa mafuta ulikuwa unataka kumuulia mtoto.

"Nitakuletea," nilimwambia.

Mimi nisiyeamini ndiye niliyesema hivyo. Nilimpenda, na nilikuwa nimefika mahali ambapo sikujali tena ukweli ni upi, ilimradi moto wake uwake.

Kaka yake mwalimu alikuwa Ushirombo, na ilisemekana ana mawese kutoka upande wa Kigoma. Nikamwachia mume wangu watoto, nikadandia lori. Nilipofika mawese yalikuwa yamekwisha, akanielekeza Runzewe. Njiani dereva alisimama kupoza injini penye kivuko cha mto, nami nikauliza mto gani huu. Aliponitajia, nikashuka.

Nilikuwa nimeuogopa mto ule miaka yote. Nilikuta mchanga. Wanawake walikuwa wamefukua visima kwa mikono, wanachota maji kwa kibuyu, na mtoto mdogo amelala kwenye kivuli cha ukingo. Niliwaamkia, wakaniitikia, mmoja akaniuliza kama nataka maji. Nilikunywa. Kisha hasira ikanipanda, na sikujua ni ya nani. Nilitaka mto uwe mkubwa, walau ulingane na kile ulichokichukua. Nilirudi kwenye lori nikilia, dereva akadhani nimechoka na safari.

Runzewe nilipata dumu moja. Nililifukia ndani ya kikapu cha viazi vitamu, maana siku hizo ukikutwa na dumu la mafuta uliitwa mlanguzi kabla hujasalimiwa. Kurudi, Kahama hakukuwa na dizeli. Lori likakaa, na sisi tukakaa nalo. Jumamosi ya kwanza ilikuwa imenipita nikiwa njiani. Ya pili ikanikuta Kahama, kwenye baraza ya watu nisiowajua, nimekikumbatia kikapu. Siku nzima nilikuwa nikifikiria jiko lake, nikitumaini amepata kijiko cha mafuta mahali fulani.

Nilipofika Shinyanga nilipita kwake kwanza, na kikapu kichwani. Mlangoni zilijaa ndara za wanawake. Nikakitua kikapu pale pale kizingitini. Ndani wamekaa wale mashoga zake wa zamani, ambao hawakukanyaga pale miaka yote ile, wanaimba kwa sauti ya chini. Mwalimu alikuwa katikati yao na rozari yake. Jirani yangu ameegemea ukuta, nywele ameziachia. Sikuwahi kuziona hivyo. Zilikuwa nyeupe zote.

Nikasema neno la kijinga. Nilimwambia nimepata, mama, ni mawese, ni mekundu lakini yatafaa.

Alinishika mkono akanivuta nikae karibu naye. Wenzake wakapunguza sauti.

"Jumamosi ya kwanza niliyalilia mafuta," alisema. "Ya pili nikaanza kuyalilia tena. Nikajisikia ninavyolia. Mwanangu, mtu halii vile kwa ajili ya mafuta."

Kisha akanigeuzia uso. Aliniuliza kama mimi niliamini kwamba yu hai. Mwalimu aliinua macho kunitazama, na nikajua anataka niseme ndiyo. Miaka yote ile nilikuwa nimelizuia neno moja nyuma ya meno, na sasa aliyekuwa hataki kulisikia ndiye aliyeliomba.

"Hapana, mama," nilisema. "Tangu mwanzo."

"Na ukaja kila Jumamosi."

"Nilikuja."

"Ukala."

"Nilikula."

Nilidhani atanisukuma. Alikishika kichwa changu kwa mikono miwili akakilaza begani kwake.

"Kumbe ulikuwa umefiwa peke yako," alisema, "na mimi nakukaangia bagia."

Akanipa pole, yeye mama mfiwa, akanipa pole ya mwanawe mbele ya watu wote. Na mimi, ambaye kwa miaka yote ile sikuwahi kumtolea chozi kijana yule ndani ya nyumba ya mama yake, nikalia kwa sauti mpaka wanawake wale wakaacha kuimba.