Chewa wa Mgeni

Turubai lililonyeshewa kisha likaanikwa juani lina harufu yake, na kila ninapoinusa narudi utotoni, Junda, kwenye kambi ya Baba.

Baba aliacha kazi katika hoteli moja ya Bamburi, akasimamisha mahema mawili kuukuu kando ya mto, maana ndivyo tulivyouita mkono wa bahari unaoingia kati ya mikoko. Wageni wasiomudu hoteli walale hapo, naye awapeleke kuvua. Majirani walimcheka: Mzungu gani atakayeacha kiyoyozi aje kuumwa na mbu wetu? Wageni wa kwanza wasiporidhika, basi, Baba angerudi kubeba masanduku ya watu.

Wakaja, mzee mmoja na mkewe. Asubuhi yule mzee akavua chewa mkubwa, akamtia akiwa hai kwenye karai la maji, akakimbilia hemani kuchukua kamera na kumwita mkewe.

Waliporudi, Shangazi Mwanaisha, dada mkubwa wa Baba na mpishi wetu, alikuwa keshampasua chewa, keshampaka ndimu na chumvi. Kwetu mgeni hangojeshwi kitoweo chake. Mzee akabaki kashika kamera, uso umemwiva, akasema maneno mengi.

"Asema alitaka kumpiga picha, kisha amrudishe majini," Baba akamwambia dada yake.

"Amrudishe?" Shangazi hata kisu hakukiweka chini. "Wallahi, kwani alikuja kumsalimia?"

Mzee akauliza amesema nini. Baba akamtazama dada yake, akamtazama mgeni, akajibu kwa Kiingereza. Nikaona masanduku yale yanarudi kichwani mwa Baba. Kisha yule mama wa Kizungu akainama, akampungia chewa mkono, akaangua kicheko. Mumewe naye akacheka, shingo upande mwanzoni. Mchana walikula samaki wa kupaka kwa mikono, wakaramba vidole, na mwaka uliofuata wakaja na rafiki zao. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kwa miaka mingi niliamini tui la Shangazi ndilo lililotuokoa. Siku hizi kambi ni yangu, na mimi ndiye ninayewatafsiria wageni. Najua ilivyo rahisi kulilainisha neno njiani, kosa akatwikwa mpishi, mgeni akatulia. Hotelini Baba aliomba radhi kwa kila kitu, hata kwa mvua. Siku ile riziki yake yote ilikuwa mashakani, na bado maneno ya dada yake aliyafikisha kama yalivyo. Hakumwombea radhi.