Beti Iliyolala Jikoni

Mwaka 1955, nikiwa na miaka kumi na miwili, rola ya uwanjani ilipita juu ya mguu wa baba. Shida zetu zilianza siku hiyo. Nilikuwa darasa la pili, nikaacha, na sijarudi tena shule mpaka leo. Wanaonidharau kwa hilo waje wakae kwenye viti nilivyochonga, halafu tuongee.

Baba alitunza uwanja wa kriketi wa Wahindi wa Iringa, upande wa Mlandege. Alikata nyasi, akavuta rola ya chuma ya kusawazishia ardhi, na siku za mchezo alitandaza katikati ya uwanja ule mkeka mgumu wa makumbi na kuukaza kwa misumari mirefu, maana mpira ulidundia pale. Kwa kazi hiyo tulipewa chumba kimoja nyuma ya banda la wachezaji. Tulikuwa watu sita humo ndani.

Mguu ulipovunjika, kapteni wa timu alikuja mlangoni. Alikuwa na duka la vitambaa mjini, mtu wa maneno machache.

"Mzee, pole. Vijana wa dukani watavuta rola. Lakini vifaa vinataka mtu."

Baba akaninyooshea kidole. "Yupo huyu."

"Huyu? Beti si ndefu kuliko yeye?"

"Mpime na kazi, bwana."

"Sawa. Akiweza, mnakaa mpaka upone. Akishindwa, chumba nitampa mtu mwingine."

Alikuwa anasema kama mtu anayepima kitambaa. Sikumchukia. Mimi mwenyewe naongea hivyo sasa.

Basi nikawa mbeba beti. Beti ni lile gongo bapa la kupigia mpira. Nilibeba mifuko, nilimkimbilia mchezaji glavu zake zikilowa jasho, niliokota mipira kwenye matete. Jioni nilifuta beti zote na kuzipaka mafuta ya kitani, yaliyokuja kwenye kopo na kunuka kama rangi ya mlango. Beti ya kapteni ilikuwa peke yake. Ilikuja kwa meli, nyeupe, nyepesi kwa jinsi ilivyo nene. Baba aliniambia: "Hizo nyingine zichunge. Hiyo ilinde."

Mwezi wa nne, mvua hazijaisha, ikabaki siku tatu tu twende kucheza na timu ya Mbeya. Jumatano wakafanya mazoezi, mvua ikawakuta. Kapteni akanipa beti inachuruzika maji.

"Ikaushe vizuri. Jumamosi naitaka."

Sasa mtoto wa Kihehe ukimwambia akaushe mti, ataupeleka wapi? Kwetu mpini wa jembe haufungwi ukiwa mbichi. Unapakwa mafuta, unalazwa kwenye kichanja juu ya meko, pamoja na mahindi ya mbegu, moshi unaukomaza. Nilifanya hivyohivyo. Beti ya kapteni ililala juu ya moto wa mama siku mbili, na mama akaongeza kuni kwa heshima. Baba aliiona pale akasema, "Vizuri." Nayasema haya ili mjue kwamba si uzembe. Tulijitahidi.

Ijumaa asubuhi tukapanda lori. Kufika Nyololo likazama kwenye tope, wanaume wote wakashuka kusukuma. Mimi nikabaki juu na beti mapajani zisichafuke. Nikaigeuza ile ya kapteni, nikahisi mpini unacheza. Kidogo tu, kama jino la mtoto. Nikaujaribu tena. Unacheza.

 Nilikuwa naona vyombo vya mama vimewekwa nje na baba amekaa juu ya godoro, mguu ameunyoosha. Nikaifunga beti kwa gunia nikaomba Mungu mpaka Mbeya.

Jumamosi kapteni akaingia uwanjani. Mpira wa kwanza akaukwepa. Wa pili akausukuma. Wa tatu akaupiga kwa nguvu zake zote: ubao ukaruka ukaanguka mbali, yeye akabaki na mpini mikononi.

Watu wa Mbeya waliozunguka uwanja walipata sherehe.

"Kapteni, umebaki na mwiko! Songa ugali!"

"Maji yamechemka, weka unga!"

Alichukua beti ya mwenzake, akatolewa upesi. Iringa tukafungwa. Tukakusanyika chini ya mabati ya banda lao, kapteni kashika vipande viwili.

"Nani ameshika beti hii tangu Jumatano?"

"Mimi, bwana."

"Uliifanya nini?"

"Niliikausha. Kichanjani, juu ya meko. Kama mpini wa jembe."

Timu nzima ikacheka isipokuwa yeye. Mdaka mpira wetu, fundi seremala, Singasinga mwenye ndevu mpaka kifuani, akaunusa ule ubao. "Kweli. Imekuwa nyama ya kukausha."

Kapteni hakumtazama. "Ulijua imelegea?"

Ningeweza kusema hapana. Hakuna aliyeniona kule juu ya lori.

"Nilijua tangu Nyololo."

"Mbona hukusema?"

"Ungetutoa chumbani."

"Na sasa?"

 Fundi ndiye aliyejibu. "Sasa nipe huyu mtoto wiki moja, kapteni. Ameiharibu, ataitengeneza kwa mikono yake. Mimi nitakaa tu."

Kapteni akafikiri. "Jumapili ya wiki ijayo nitaijaribu. Ikipiga, wakae. Ikifunguka, watoke siku hiyohiyo."

Wiki ile nililala na kuamka kwenye karakana ya fundi. Mpini wa beti umechongwa kama kabari, unaingia ndani ya ubao na kushikwa na gundi. Joto la meko ndilo lililoila. Nilikwangua gundi ya zamani mpaka mti ukaonekana mweupe. Gundi mpya, ya ngozi ya ng'ombe, tuliiyeyusha kwenye kopo lililosimama ndani ya sufuria ya maji, moto usiliguse kopo.

"Gundi inaogopa nini?" akaniuliza fundi.

"Moto."

"Na wewe?"

"Kufukuzwa."

"Basi mnafanana. Kaza uzi huo."

Tuliibana kwa jiliwa, kile chuma cha kubania mbao, siku tatu, nikazungushia uzi wote mwenyewe, mzunguko kwa mzunguko, vidole vikachanika.

Jumapili baba alijikokota kwa gongo mpaka mlangoni kutazama. Kapteni alipiga mipira mingi, sikuihesabu, nilikuwa nasikiliza mlio. Ulikuwa mlio mmoja, mkavu. Mwishoni akaja, akanirudishia beti.

"Ipake mafuta. Na isilale jikoni."

Tulikaa. Baba alipona akarudi kwenye rola, anachechemea. Mimi sikurudi kubeba beti. Fundi alinichukua, nikakaa naye hadi nikajua kazi.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba saba. Karakana yenye randa ya umeme na msumeno wa meza. Majiliwa kumi na moja. Shamba la mpunga Madibira. Ng'ombe wawili wa maziwa. Pikipiki moja. Kichanja juu ya meko, cha mahindi. Funguo zote ninazo mimi.