Masuke Yenye Mapengo

Mdogo wangu alipata nafasi niliyoitaka mimi, na mpaka leo nikiikumbuka roho inaniuma. Naanza na hilo asije mtu akaniuliza baadaye kama nina wivu. Ninao.

Nikisema mdogo wangu nina maana binti wa mama mdogo. Aliletwa kwetu Majengo, hapa Mpanda mjini, kutoka Kasansa akiwa bado mtoto, mama yake alipofariki, na tangu siku hiyo kila kilichokuwa changu kikawa chetu, hata mama. Tulisoma shule moja, tukasomea kilimo chuo kimoja, na kama vile haitoshi, tukapata mkataba kwenye shamba moja la majaribio kule Magamba. Jamani, nchi yote hii, hakukuwa na kazi nyingine ya kumpa?

Kazi yenyewe ilikuwa ya ngano. Watu walitucheka. Ngano inalimwa Sumbawanga kwenye baridi, nyie mnaileta Mpanda iungue? Lakini mkuu wetu, mama mmoja mkali tuliyemwita Daktari, alikuwa na mbegu zake maalumu. Ngano ile ilikuwa imechanganywa na majani pori ambayo ni ndugu zake, kwa sababu majani hayo hayasumbuliwi na ugonjwa wa kutu. Tatizo ni kwamba ukichukua uzuri wa porini unachukua na tabia. Ndani ya kila seli ya mmea kuna kromosomu, vijinyuzi vinavyobeba urithi, na kati ya zile zilizotoka porini kuna zenye choyo. Kromosomu ya choyo haikubali kuachwa. Mmea ukitengeneza chavua na mayai, yale yaliyoipata yanaishi, na yale yaliyoikosa inayaharibu yanakufa. Kwa hiyo watoto wote wanaozaliwa wanayo. Aliyeikosa hazaliwi kabisa.

Daktari alipotueleza hivyo mara ya kwanza, nilimtupia jicho mdogo wangu nikasema moyoni, hiyo naijua, nimekua nayo nyumba moja.

Tulichotakiwa ni kuitambua. Yaani tujue ni mistari ipi shambani imebeba kromosomu yenye choyo, na ipi imebeba ya porini ya kawaida tu. Kila mmoja alipewa kipande chake, mistari ileile, mbegu zilezile. Daktari akasema wazi kwamba ipo nafasi ya kwenda nje kusoma shahada ya pili, na atakayeitambua vizuri ndiye atakayempendekeza. Nafasi ni moja. Nilikuwa nimeiomba nafasi ya namna hiyo kwa Mungu tangu nimalize chuo.

Msimu ule nilifanya kazi kama punda. Asubuhi na mapema namwagilia, jua likipanda napalilia, jioni nafukuza ng'ombe wa majirani. Ngano yangu ilikubali kuliko yake, hilo kila mtu aliliona. Tulipovuna, tukaanika uani kwa mama, kwa sababu stoo ya kituoni ilijaa panya. Nikakaa kwenye mkeka, nikachagua mbegu kama mama alivyonizoesha kwenye mahindi tangu utotoni: mbegu ni ile iliyojaa. Kila mstari nikatoa masuke manene, nikayafunga mafungu, nikayawekea alama. Mistari miwili ilinishinda. Masuke yake yote yalikuwa na mapengo, punje hii ipo, inayofuata hewa tupu. Nikasema hili joto, Mpanda hii, nani asiyejua? Nikaiandika kuwa imeungua na jua, masuke nikawamwagia kuku wa mama. Wakala na kunishukuru.

Mdogo wangu alikuwa upande wa pili wa ua na mistari miwili ileile, mapengo yaleyale. Yeye akaanza kuyapukuchua yale masuke mabovu, moja moja, taratibu.

"Wee, utaotesha pumba?" nikamwuliza.

"Dada, mbona mistari ya pembeni, jua lilelile, imejaa?"

"Unajifanya unajua sana."

Akaendelea kupukuchua. Ndivyo alivyo. Ukimchokoza ananyamaza, halafu wewe ndiye unaonekana mgomvi.

Mwenye akili ameshaelewa. Mapengo ndiyo yalikuwa alama yenyewe. Chavua na mayai mengi yamekufa, suke limebaki nusu tupu, na punje chache zilizopona ndizo zenye choyo ndani. Nilisoma hayo darasani, nikayajibu kwenye mtihani na kupata, halafu uani kwa mama mikono yangu ikafanya ya nyumbani. Tulipootesha mbegu, tukakata ncha za mizizi, tukazitia rangi na kuzitazama kwenye hadubini. Miche yangu ilikuwa vurugu: huu una kromosomu ya porini, huu hauna, huu nao hauna. Miche yake ya mistari ile miwili yote ilikuwa nayo. Daktari aliinuka kwenye kiti akampa mkono.

Kisha akanigeukia. "Na wewe, mistari hii miwili iko wapi?"

Nikasema kuku wamekula. Maabara nzima ikaangua kicheko. Mdogo wangu peke yake hakucheka, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Nyumbani mama akapika pilau, akachinja kuku mmoja kati ya walewale. Mimi nikajifanya sizitaki mbichi hizi. Nikasema huko nje baridi tupu, watu hawasalimiani, mimi singeweza. Nilikula mnofu mmoja, nikasukuma sahani.

Siku chache kabla hajasafiri, Daktari aliniita ofisini. Nilidhani nafukuzwa.

"Mdogo wako alikuja kuniomba nikupeleke wewe," akasema. "Amelia hapo ulipokaa. Nimemkatalia. Nafasi si pilau, kwamba mtu atampakulia mwenzake. Lakini nimeona ujue."

Nikatoka nje nikasimama juani. Mtu mwingine angeguswa. Mimi nilipandwa na hasira. Angejisifu, ningemsema mji mzima. Angenidharau, ningekuwa na pa kumshikia. Sasa hata kwa wema amenizidi! Mimi ndiye dada. Mimi ndiye niliyepaswa kuwa wa kwanza kumwachia mwenzangu kitu, na wazo hilo halikuwahi kunijia hata siku moja.

Nilimkuta chumbani anapanga begi. Hakuniambia chochote kuhusu Daktari, na mimi sikumwuliza. Akaniuliza tu kama anaweza kwenda na sweta langu la kijani, maana huko ni baridi. Nikamwambia achukue. Akalikunja vizuri, akaliweka juu ya nguo zake, akanishukuru, na mimi nimesimama mlangoni nalitaka sweta langu.